Jicho la Korongo wa Mbale

Safari hii niliitafuta mwenyewe, hapa hapa Busia, siku nilipompa mwokota vyuma baiskeli kuukuu ya baba nikidhani nimesafisha ua. Mzee hakunigombeza. Aliuliza tu kengele iko wapi, na swali lile liliniuma kuliko matusi. Miaka yote aliyofundisha shule, akirudi aliigonga akiwa njia panda, na marehemu mama alipoisikia aliweka chai motoni.

Mwokota vyuma alinielekeza Jinja, ng'ambo ya mpaka, kwa mwanamke anayechukua vyuma vyake.

Saa nne asubuhi nilikuwa Jinja, nyuma ya maduka ya zamani ya Wahindi, kwenye karakana ya mwanamke huyo, Namukose, anayeunda sanamu za wanyama kwa vyuma chakavu. Masufuria yaliyotoboka yamekuwa kobe, minyororo ya bodaboda imekuwa mamba. Baiskeli yetu, akaniambia bila wasiwasi, ilishakuwa korongo, na korongo yuko Mbale kwa afande mmoja mstaafu wa magereza. Kuhusu kengele alinipa sharti la kazi yake: ukitoa kitu, jaza pale pale kwa kitu chako. Kazi ikiachwa na tundu, alisema, kila apitaye huing'oa kidogo, mwisho inarudi kuwa takataka.

Alasiri nikafika Mbale, chini ya mlima Wanale. Nilimtambua ndege langoni kabla sijamwona mwenyeji: shingo ni fremu yetu, shungi ni spoki, na jicho, haki ya Mungu, ni kengele ya baba. Afande Wamimbi alinikaribisha chai na karanga, akanieleza kwamba kila mgeni wake huligonga jicho lile kabla ya kuingia. Nilipomwambia haja yangu, uso ukambadilika.

"Bwana, wewe natoa jicho," akasema, "na huyu taona na nini?"

Nilijipapasa mifukoni, sikuwa na cha maana. Nikavua saa yangu ya mkononi, ambayo niliipenda kupita kiasi. Afande akaigeuzageuza, akaipachika mwenyewe kwa waya, akarudi nyuma kutazama, akacheka mpaka akashika mbavu. Kazini hakuchelewa hata siku moja, alisema, na sasa hata ndege wake hatachelewa.

Kesho yake nilivuka mpaka nikiwauliza watu saa njia nzima, kengele kifuani. Siku hizi situpi kitu kabla ya kuuliza. Mzee ameifunga kengele kwenye mkongojo wake. Akifika njia panda huigonga, nami popote nilipo uani, naweka chai motoni.