Ghorofa ya Ishirini Nilifika Peke Yangu

Mimi ni mama wa miaka arobaini na nne, nina watoto wanne, naishi Koboko, kaskazini mwa Uganda. Wiki iliyopita admin aliuliza hapa kwenye grupu ni gemu gani ungetamani kuicheza tena kama mara ya kwanza. Mlicheka sana, kila mtu akataja yake. Mimi nilizima simu nikaanza kufua nguo zilizokuwa safi. Admin, ficha jina langu, maana mji wetu huu tunajuana mpaka na mbuzi wetu.

Miaka ya tisini baba yangu, mwanajeshi wa zamani, alileta mashine ya gemu na tivii ndogo kutoka soko la Ariwara, ng'ambo ya mpaka, Kongo. Umeme hatukuwa nao. Tivii, mashine na redio vyote vilitegemea betri moja ya gari, ambayo kila Alhamisi asubuhi baba aliifunga kwenye baiskeli akaipeleka kuchajiwa kwenye kinu cha kusaga unga.

Uani kwetu walikaa wakimbizi wawili kutoka Sudan, rafiki yangu ambaye nitamwita Keji, na mama yake. Baba yake Keji walipotezana naye vitani. Mimi na Keji tulikuwa na miaka kumi na minne na tulikuwa wagonjwa wa gemu moja. Mtu mdogo anabeba ngazi, anapanda jengo la ghorofa ishirini, na juu kabisa kuna mlango. Ukifa unaanza tena chini. Mimi nilikuwa hodari wa ghorofa za chini, Keji za juu, basi tulipokezana. Siku tulipofika ghorofa ya kumi na tisa tukafa, Keji alinishika mkono akaniambia, "Ile mlango tutafungua pamoja. Mutu asione mbele ya mwenzake." Yeye akaapa kwa Yesu, mimi nikaapa kwa Mtume.

Redio nayo ilikuwa na kazi yake. Kila Ijumaa mchana walisoma majina ya watu waliopotezana, nani anamtafuta nani, na yuko wapi. Mama Keji alikuwa anaoga, anavaa gauni lake la kanisani, anakaa barazani kwetu na kusikiliza mpaka jina la mwisho. Jina lake lisiposomwa anasema, "Juma ingine," halafu anarudi shambani.

Alhamisi moja betri ilirudi imejaa. Baba akatoka, Keji na mama yake wakaenda kupanga foleni ya chakula cha wakimbizi. Nilitaka kufanya mazoezi tu ya ghorofa za juu, nisiwe mzigo kwa Keji. Nilikufa, nikaanza, nikafa, nikaanza, saa zikaenda. Kisha mara moja sikufa. Nikajikuta mbele ya mlango. Ningeweza kuzima. Naomba mnielewe hapo, ningeweza kabisa, na sikuzima.

Mlango ulifunguka. Yule mtu mdogo akaweka ngazi chini, akakaa, jua likachomoza. Gemu ikaishia hapo. Niligeuka nimwambie Keji, na chumba kilikuwa kitupu. Nikarudisha waya za betri kwenye redio kama zilivyokuwa.

Ijumaa Mama Keji akaja na gauni lake. Redio iliongea dakika chache, sauti ikaanza kuzama, mtangazaji akasema, "Sasa wanaotafutwa kutoka Arua," ikakata. Baba akagonga betri kwa ngumi. "Hii mutu ya kinu iko mwizi," alisema. "Anatupa moto ya betri nusu." Mimi niliyeimaliza kwa gemu niliinama mlangoni nikajifanya napanga viatu. Mama Keji akamtuliza, "Haina shida, Baba. Juma ingine."

Jumatano iliyofuata mfanyabiashara mmoja anayemfahamu Mama Keji alipita kutoka Arua, akashangaa kumkuta nyumbani. "Wewe uko bado hapa? Jina yako ilisomwa kwa redio Ijumaa. Bwana yako alikuwa Arua, alisema anangojea mpaka Jumatatu." Mama Keji aliacha sufuria motoni akakimbilia barabarani. Alipofika Arua aliambiwa mume wake amepanda lori la kuingia Kongo siku mbili zilizopita. Mpaka leo hawajasikia habari zake, wala kaburi hawalijui.

Baba hakusaga tena kwa yule mtu wa kinu, na aliwaambia wengine wasisage. Yule mzee amekufa akiitwa mwizi. Hata hilo nililiacha lipite.

Sasa Keji yuko Juba, tumezeeka tukipigiana simu kila Krismasi na kila Idi. Siku tatu baada ya lile swali lenu akanipigia akicheka. Amepata mashine kama ile, na gemu yenyewe. Mtoto wake alitaka kumwonyesha mwisho wa gemu kwenye simu, akakataa. Aliniambia, "Dada, mimi nimefunga macho miaka yote hii. Nilimwambia iko mutu yangu ya kuona naye." Wanakuja Jumamosi, yeye na mama yake.

Mume wangu ananiambia yaliyopita si ndwele, nikae, nicheze, nishangae, nimfurahishe mwenzangu. Lakini kwa Mama Keji hayajapita. Juzi alichukua simu kwa Keji, akaniuliza kama baba yangu kabla hajafa alijua kwa nini betri ilikata siku ile. Nikasema mtandao mbaya, nikakata.

Nikisema, nampoteza dada pekee niliye naye, na yule mama nitamuua mara ya pili. Nikinyamaza, nitakaa pale nikimtazama anavyofurahi. Ninyi mnaosoma, hata mtakaonitukana, niambieni nimwambie kabla hajawasha au niende na siri yangu kaburini? Mama yake ameomba siku hiyo tumwekee kiti katikati yetu, naye anataka kuona kilichoko nyuma ya mlango.