Fundi wa rangi anayeitwa penye eda

Saa tatu asubuhi, mjini Msambweni, Mwanapili Matano anaegemeza vipande vitatu vya plaiwudi ukutani, anarudi nyuma hatua nne, kisha anakaa kitako sakafuni. Brashi haigusi. Anatazama tu.

Wingu la mvua za vuli limetanda tangu alfajiri, na sebule hii, ambayo hata siku ya jua kali huwashiwa taa, leo imekuwa kama ndani ya mtungi. Kipande kimoja cha plaiwudi kimepakwa nyeupe pee. Cha pili ni kijivu hafifu, rangi iliyoshika mitindo Ukunda siku hizi. Cha tatu ni manjano iliyopauka, kama siagi.

"Msinisemeshe kwanza," anawaambia wenye nyumba. "Rangi haichaguliwi kwa mdomo."

Wenye nyumba ni wanawake wawili. Twaiba, mshonaji mwenye umri wa miaka thelathini na minne, alifiwa na mumewe Jaafar mwanzoni mwa Oktoba na sasa yumo edani, ile miezi minne na siku kumi ya mjane kutulia nyumbani. Wa pili ni mama mkwe wake, Bi Mbodze, aliyehamia hapa tangu siku ya mazishi ili asimwache mkwewe peke yake na watoto watatu.

Kabla ya msiba, cherehani ya Twaiba ilikaa barazani, penye mwanga na wapita njia. Sasa imeingizwa ndani, na ndani hakuonekani kitu. Ana oda ya sare sitini na mbili za shule ya msingi, kitambaa cha bluu iliyokoza, uzi wa bluu iliyokoza, na zinatakiwa kabla ya mwaka kwisha. Asipozimaliza, kazi itapewa mshonaji mwingine, na kwa sasa hana riziki nyingine yoyote.

"Uzi siuoni, kitambaa sikioni," anasema. "Juzi nimeshona mfuko kwa nje nikidhani ni ndani. Wiki hii pekee nimefumua kola nne."

Taa ipo, lakini imening'inia katikati ya dari. "Nikiinama, kivuli changu mwenyewe chaniangukia mikononi. Na stima yenyewe huja ikipenda."

Kosa si la taa peke yake. Bati la baraza limeshushwa chini kuzuia jua, na dirisha ni moja tu, nalo linatazama ua wa michongoma na ukuta ambao jirani aliujenga mwaka jana. Halafu zipo kuta zenyewe. Ni bluu nzito ya mafuta, ile ile inayopakwa sehemu ya chini ya kuta za madarasa ili uchafu wa mikono ya watoto usionekane. Jaafar alikuwa mtunza majengo wa shule. Miaka sita iliyopita alipewa debe lililobaki, akalibeba hadi nyumbani, akapaka sebule nzima kwa siku moja.

"Sikuipenda tangu siku ile," anasema Twaiba, na papo hapo machozi yanamtoka. "Wala sikumwambia. Alikuwa amefurahi mno."

Mwanapili anamwacha alie. Amezoea. Nyumba nyingi anakoitwa zina mtu anayelia.

Kwa desturi ya hapa, fundi wa kiume asingeweza kuifanya kazi hii. Mwanamke aliye edani hakai chumba kimoja na wanaume wasio maharimu wake, na sebule iliyopakwa rangi ya mafuta inataka siku nne au tano za kazi. Kwa hiyo, kuanzia Gazi hadi Vanga, mjane akitaka ukuta wake uguswe kabla eda haijaisha, jina linalotajwa ni moja.

Mwanapili ana umri wa miaka arobaini na saba. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa msafisha vyumba katika hoteli moja ya Diani. Kila Mei na Juni wageni wakipungua, wafanyakazi walirudishwa makwao na mafundi wa rangi wakaingia.

"Wenzangu walikuwa wakienda zao. Mimi niliomba nibaki, hata kama ni kushika ngazi," anasimulia. "Mwaka wa kwanza nilishika ngazi. Mwaka wa pili wakanipa msasa. Mwaka wa tatu nilikuwa nachonga kona za dari kwa brashi, na fundi mkuu amelala."

Hoteli ilipofunga milango mwaka 2020, alifunga mizigo pamoja na wengine. Akajaribu mahamri. Yalimshinda, na anakiri mwenyewe kwamba yalikuwa magumu kama kokoto. Kisha jirani yake akafiwa, na wifi za mjane wakawa wanauliza kama kuna fundi wa kike popote. "Nikasema mimi. Hata sikufikiri."

Kazi yake ya pili nusura iwe ya mwisho. Aliitwa Vanga, akasafirisha ndoo tatu za rangi kwenye ile barabara ya mashimo, na akapaka sebule ya mjane nyeupe kabisa, kwa kuwa hotelini kila kitu kilipakwa nyeupe nacho kiling'aa. Aliporudi wiki moja baadaye kuchukua ngazi yake, alikuta chumba kina rangi ya maji yaliyooshewa mchele.

"Nilitaka ardhi inimeze," anasema. "Vyumba vya hoteli vinatazama bahari. Jua linaingia lenyewe, limeshiba. Nyumba zetu zimejikinga na jua. Mwanga ukishapita kwenye miti na kugonga ukuta wa jirani, unafika ndani umechoka. Ukiuwekea nyeupe, nyeupe nayo inachoka."

Alipaka upya kwa gharama yake, na tangu hapo haamini kadi za rangi za dukani wala picha za simu. Hupaka vipande vya plaiwudi, huviegemeza ndani ya chumba chenyewe, na huvitazama asubuhi, adhuhuri na baada ya swala ya alasiri. Wateja wengine humwona mvivu. Yupo mmoja aliyempigia kakake simu kulalamika kwamba fundi ameletwa kupaka rangi naye amekaa chini siku nzima kama mgeni.

Kwa siku ya kazi hulipwa shilingi elfu moja na mia mbili. Mwaka jana alipaka nyumba kumi na nne, na katika nyumba tisa alikuwa amekufa mtu. Hesabu hiyo humuuma, naye hafichi.

"Mimi si fundi wa msiba. Mimi ni fundi wa rangi," anasema. "Lakini watu hawaniiti kwa sababu napaka vizuri. Waniita kwa sababu naruhusiwa kuingia. Eda ikiisha, chumba cha pili anaitiwa mwanamume."

Fundi Sanga, anayepaka maduka na nyumba za kupanga Ukunda, hamkatalii. "Mkono wake ni mwepesi, tena kwenye kona anatushinda," anasema huku akicheka. "Kazi za eda twamwachia yeye. Hizi nyingine tutagombania sisi."

Saa saba mchana, vipande vya plaiwudi bado vimeegemea ukuta. Twaiba ameshachagua moyoni, na amechagua nyeupe. Mwanapili anamweka kitini mbele ya kila kipande, anampa sindano na uzi wa bluu ile iliyokoza, na kumwambia atunge.

Mbele ya nyeupe, Twaiba anakosa tundu mara tano. Mbele ya kijivu anakosa mara saba, kisha anaitupa sindano mapajani. Mbele ya manjano iliyopauka, uzi unapita mara ya pili. Anajaribu tena kuhakikisha, na unapita mara ya kwanza.

"Ni hii," anasema Twaiba, kama asiyeamini.

Bi Mbodze, ambaye muda wote amekaa mkekani akivuta tasbihi, anainua kichwa.

"Manjano?" anauliza. "Mtu yumo edani, nanyi mwataka kumwekea manjano? Manjano hupakwa mwali wa harusi!"

Mwanapili anasema hapo ndipo alipoogopa, kwa sababu anaijua Msambweni. Nyumba za wajane ndiyo kazi aliyo nayo. Likitoka neno kwamba fundi Mwanapili humpambia mjane nyumba kama ya bibi harusi, halitachukua siku mbili kufika kila kijiji, na hakuna mama mkwe atakayemfungulia mlango tena.

"Mama, kwa heshima yako," anasema polepole, "kama moyo una wasiwasi, tuulize."

Wanampigia Ustadh Kheri, anayesomesha madrasa jirani, na simu inawekwa sauti ya juu. Ustadh anasikiliza, anakohoa, na jibu lake ni fupi. "Mapambo anayoyaacha ni ya mwili wake, mama. Manukato, wanja, hina, dhahabu. Ukuta haukufiwa na mume."

"Sharia nimeielewa, ustadh, Mungu akulipe kheri," anajibu Bi Mbodze. "Mie nawauliza watu. Watakaokuja kuhani, wakauona ukuta wang'aa, watasemaje juu ya mkwe wangu?"

Ustadh anasema hilo si la kitabu, anaaga.

Mwanapili hambishii. Anaichukua sindano mapajani mwa Twaiba, anauchomoa uzi na kuufuta mate, na kumpelekea mama mkwe pale pale mkekani. Bi Mbodze ndiye aliyeahidi kushona vifungo vyote vya zile sare sitini na mbili kwa mkono, na kwa wiki nzima amekuwa akimsumbua mjukuu amtungie uzi.

Anajaribu akiutazama ukuta wa bluu. Hawezi. Anageukia kipande cheupe, anakunja uso, anautia uzi kando ya sindano na kukaribia kujichoma. Mwanapili anamsogezea kile cha manjano. Mara ya tatu, uzi unapita.

Bi Mbodze anauvuta taratibu, anaupima urefu, anaufunga fundo. Yuko katika umri wa miaka sitini na minane, na kwa mujibu wa Twaiba hajatunga uzi mwenyewe tangu Ramadhani.

"Basi paka," anasema hatimaye. "Na atakayekuja hapa na maneno yake, nitampa sindano atunge."

Wote watatu wanacheka, na ni mara ya kwanza kicheko kusikika katika nyumba hii tangu Oktoba. Twaiba anajifunika mdomo kwa ncha ya mtandio, kisha anaona haya kwa kucheka.

Kazi yenyewe inachukua siku sita badala ya tano, kwa ajili ya mvua. Siku mbili za kwanza ni za msasa, maana rangi ya maji haishiki juu ya rangi ya mafuta mpaka ule ung'avu ukwanguliwe. Vumbi la bluu linaingia kwenye nywele, kope na chai. Twaiba mwenyewe anachukua kipande cha msasa na kukwangua ukuta wa mlangoni kwa saa nzima. Mwanapili anaendelea na ukuta wake bila kumzuia.

Kisha inakuja rangi ya chini, halafu manjano, mikono miwili, yaani kupakwa mara mbili. Mwanapili huanza na ukuta unaotazamana na dirisha, kwa sababu ndio unaopokea mwanga kwanza na kuugawia chumba. Dari na kingo za ndani za dirisha anazipaka nyeupe. Siku ya sita anafungua dirisha, cherehani inasogezwa mahali pake, na Twaiba anaanza kushona kabla harufu haijatoka.

Wanaokuja kuhani wanaendelea kuja. Wengine wanaukodolea macho ukuta. Mmoja, jamaa wa mbali wa marehemu, aliuliza kama kuna shughuli, na Bi Mbodze akatimiza ahadi yake. Mgeni alikosa tundu mara nne kwa haraka zake, akarudisha sindano, akaomba maji ya kunywa.

Desemba ishirini na saba, sare ya sitini na mbili ilipigwa pasi. Mwalimu Faith Jumwa, aliyetumwa na shule kuzichukua, alipokewa ndani na wanawake wenzake, akahesabu mzigo wake, na kisha akakaa zaidi ya alivyotarajia. Aligusa ukuta kwa kiganja. Alitaka kujua fundi ni nani.

Wiki ya kwanza ya Januari, Mwanapili yuko uani kwake, anaosha brashi kwa maji ya sabuni. Anazungumzia mipango. Anataka kununua ngazi ya pili, na amepata wanawake wawili wa Lunga Lunga wanaotaka kufundishwa. Lakini ukimuuliza anachokitamani hasa, hataji ngazi.

"Natamani niitwe kwenye nyumba ya watu walio wazima, hakuna aliyefariki, hakuna aliyejifunika kitandani. Niitwe tu kwa sababu mtu amechoka na giza lake."

Simu inalia. Namba haijui. Anakausha mkono kwenye leso, anapokea, na baada ya salamu anasema kile anachowaambia wateja wake wengi.

"Poleni sana kwa msiba. Mungu amrehemu. Ni nani aliyetangulia?"

Upande wa pili inasikika sauti ya mwanamke. Ni Mwalimu Faith, anapiga kutoka kwake Ukunda.

"Msiba gani tena, dada? Mbona wanitia hofu? Sisi hapa wazima sote. Ni sebule yangu tu, ina giza."

Mwanapili anasimama. Povu la sabuni linamdondoka kiwikoni, naye haoni.

"Alhamdulillahi," anasema, kisha anarudia tena. "Nitakuja Jumatatu saa mbili. Mumeo yupo nyumbani?"

"Yupo. Nimwambie atoke?"

"La, asitoke," anasema Mwanapili. "Akae, tuchague naye."