Kikombe cha marehemu baba tulikizika naye, tukakikuta chini ya mkorosho

Wakuu, heshima kwenu. Anayehisi hii ni chai aongeze sukari anywe, mimi siwezi kumzulia baba yangu mzazi.

Baba alitengeneza waini ya rosela hapo kwetu Kisarawe tangu sijazaliwa. Ndiyo ilikuwa roho yake.

Pipa likiiva, aliacha kikombe chake cha bati juu ya mfuniko. Likiharibika, alimwaga lote chini ya mkorosho, akakifudikiza kikombe hapohapo, na siku hiyo haongei na mtu. Sisi tulimcheka, eti mzee kazika.

Alifariki akaacha mapipa mawili hayajaiva. Kikombe mama akakiweka kwenye jeneza, tukiona wote.

Mama alitaka waini ile inywewe kwenye arobaini, wageni wamuage mzee kwa kazi ya mikono yake. Kwake hilo lilikuwa kubwa kuliko hata kujengea kaburi.

Sasa kaka yangu akaona haitatosha. Pipa moja akalichakachua: maji, sukari, na pombe kali kidogo ichangamke. Mama alilia, akasema anamwaibisha baba yake.

Kaka akamjibu, "Mama, marehemu haonji."

Nikafunga stoo ya mapipa, ufunguo ni mmoja tu, nikautia kwenye pochi. Mama nikaja naye kwangu Visiga apumzike, kaka akarudi kazini kwake Mlandizi. Nyumba ikabaki tupu.

Tulirudi wote watatu asubuhi, siku moja kabla ya arobaini. Kufuli iko vilevile. Lile pipa la kaka halina hata tone, na sakafu kavu.

Chini ya mkorosho udongo ulikuwa mwekundu, umelowa. Kikombe kimefudikizwa.

Wakuu, mimi sikuthubutu kukigusa. Kaka alikaa chini. Mama ndiye aliyekiokota, akakiosha, akakifungia kabatini.

Kesho yake tukaenda kutoa pipa la pili. Kikombe kiko juu ya mfuniko, ndani kimelowa rosela.

Mama alikitazama sana, kisha akamgeukia kaka. "Baba yenu ameonja. Mimineni."

Kaka ndiye aliyewahudumia wageni. Kila mtu alisema mzee hajawahi kutoa waini tamu namna ile.

Nilichojifunza: kazi ambayo mtu ameipenda maisha yake yote, usiichakachue hata akishazikwa.

Wataalamu wa sayansi karibuni, nitawasoma wote. Ila naomba muanzie kwenye kikombe.