Mwanamina na betri zake ndani ya kisanduku cha sabuni

Saa saba na nusu mchana, Jumamosi. Jua la Voi linachoma mabati, na Mwanamina Mbaruk ameketi mkekani sebuleni kwake, mbele yake betri nne ndogo za kuchaji. Anakata tyubu kuukuu ya baiskeli, anaivalisha kila betri kofia ya mpira kwenye ncha zote mbili, kisha anailaza ndani ya kisanduku cha plastiki cha kuwekea sabuni. Anafunga. Anakitikisa karibu na sikio.

"Nikisikia zinagongana, nafungua naanza upya," anasema, wala hacheki.

Nyingine nne zimo tayari ndani ya flashi ya kamera. Hizi ni za akiba, na leo akiba hiyo inamtia kiwewe kuliko bibi harusi anayekwenda kumpiga picha. Nyumba anayokwenda ni ya Bi Saumu, na hajaitwa huko tangu Agosti ya mwaka jana, 1983.

Mwanamina, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, ndiye anayepiga picha pale wanaume wasipoingia. Siku ya hina, wanawake wakiwa wamefungua vichwa na kujipamba, hawezi kuitwa mpiga picha wa kiume. Filamu husafisha mwenyewe, ndani ya stoo aliyoziba madirisha kwa blanketi, na picha moja huiuza shilingi tano. Wateja wake wananunua picha, lakini hasa wananunua amani ya moyo kwamba hakuna jicho geni litakaloziona.

Zamani harusi moja ilimmalizia betri kavu nane. Kaka yake anayefanya kazi Jeddah alipomletea chaja na betri za kuchaji, Mwanamina aliona mambo yamenyooka. Za akiba alizitupa mkobani pamoja na funguo, kitana na peremende. Nani angemwambia vingine? Betri ni betri, alidhani.

Agosti hiyo alikuwa akimpiga picha Umi, mpwa wa Bi Saumu. Umi alivaa mkufu wa mkononi wa dhahabu, wa nyanya yake, ambao kila binti wa ukoo huo huuvaa akiolewa. Hina ilipofika kwenye kiganja, Bi Saumu aliuvua.

"Mina, nishikie huu, usije ukaingia hina."

"Tia humo mkobani, Shangazi. Mikono yangu imejaa."

Mkufu ukaingia mkobani, ukalala juu ya betri.

Haukupita muda, harufu ya kuungua ikatanda. Chumbani mlikuwa na chetezo kikifuka udi, basi kila mtu akatazama chetezo. Mmoja akainua mkeka kutafuta kaa lililoanguka. Mwanamina mwenyewe alikazana kusema udi ule ni wa bei rahisi, ndiyo maana unanuka. Alikuwa bado anausema vibaya udi wa watu mkoba ulipomchoma paja.

Alitia mkono ndani akautoa mkufu. Ulikuwa umegusa ncha zote mbili za betri moja na kupata moto kama pasi ya makaa. Plastiki ya betri ilikuwa imeyeyuka na kuugandia, na dhahabu imekuwa nyeusi tititi. Kovu la vidole viwili analo mpaka leo.

"Umeuchoma mkufu wa mama!" Bi Saumu alipiga ukelele.

"Nilitamani sakafu inimeze," Mwanamina anasema. "Maumivu ya vidole sikuyasikia hata. Nilisikia aibu tu."

Alikimbia kwa sonara, mzee mmoja mpole wa pale mjini, akamwekea mkufu mezani. Sonara aliuchemsha mkufu, akausugua, akaunga pete moja ndogo iliyokatika. Weusi wote ulikuwa plastiki. Dhahabu ilikuwa nzima. Mwanamina alilia dukani kwa sauti, machozi ya faraja, mpaka mzee wa watu akamletea maji.

Huyo sonara ndiye aliyemweleza. "Chuma au dhahabu ikiunganisha ncha mbili, umeme unapita wote kwa pamoja. Usiziache betri uchi, binti yangu."

Umi aliolewa mkufu wake ukiwa mkononi. Lakini maneno ya watu hayana sonara. Mwanamina, aliyezoea harusi tatu au nne kwa mwezi, alipata moja tu katika miezi mitano. Alipanda milima ya Mbololo kupiga picha za Wakristo nje ya kanisa, kisha akarudi taratibu kwa wateja wake wa zamani, harusi moja baada ya nyingine, kisanduku cha sabuni mkononi. Juzi Bi Saumu alituma salamu. Binti yake wa mwisho anaolewa.

Saa tisa, kwa Bi Saumu, chumba kimejaa. Umi, mjamzito wa miezi saba, anamsogezea Mwanamina mto. Hina inakaribia kiganja cha bibi harusi. Bi Saumu anauvua mkufu ule ule, anatazama huku na huku, na wanawake wote wanaona anamtazama nani.

"Mina. Nishikie."

Mwanamina anaweka kamera chini. Mkoba haufungui. Ananyoosha mkono wenye kovu.

"Nivalishe, Shangazi. Ukae hapa nikiuona."

Bi Saumu anamfunga mkufu huo mkononi, anaugusa mara mbili kuhakikisha, kisha anaangua kicheko, na chumba kizima kinacheka naye. Mwanamina anashusha pumzi aliyoibeba karibu mwaka mzima.

Inshallah, anasema, mwakani atafungua studio yake ya wanawake hapa Voi, na Umi ameshaomba kufundishwa kazi akijifungua salama. Somo la kwanza halitakuwa la kamera.

"Nitampa tyubu ya baiskeli na mkasi," anasema, kisha anainua kamera, na mkufu unameremeta mkononi mwake kila flashi inapowaka.