Unyoya Kwenye Kofia ya Sadi

Nikisikia harufu ya utomvu unaochemshwa kwenye kopo, mpaka leo naziba pua na kuondoka. Ndiyo harufu ya ulimbo, gundi ya kunasia ndege, na ndege wangu alinaswa kwa huo huo.

Jamani, alikuwa mzuri yule! Alijenga kwenye mkorosho nyuma ya nyumba yetu, kijijini Mkunya, kiota kidogo kama kikombe. Kichwa cheusi chenye kishungi, duara la buluu kuzunguka jicho, mgongo mwekundu kama udongo wetu, na mkia mrefu kupita mwili wenyewe, ukimfuata kama khanga iliyofunguka. Jike lake mkia mfupi. Siku moja akapita mwingine wa namna yao, mkia mweupe pe, nami nikadhani huyo ameota mvi.

Nilimwonyesha Somoe tu, binti wa mama mkubwa, tuliyekuwa tunalala naye kitanda kimoja.

"Haki ya Mungu, simwambii mtu," aliapa.

Desemba ile kaka yake, Sadi, alikuwa anatoka jandoni. Asubuhi ya sherehe nilikuta tawi la kiota linanata ulimbo, mayai yamepoa. Nikaenda ngomani hivyo hivyo. Sadi akatokea na suti mpya, miwani ya jua, na kwenye kofia ule mkia unapepea. Somoe alikuwa mbele kabisa, anapiga vigelegele.

"Na wewe piga basi, si kaka yako?" mama akanisukuma.

Nikapiga, huku nalia. Watu wakasema mtoto ana furaha huyu!

Nilipomkabili Somoe, alinishangaa kweli kweli. "Sasa mimi nimemwambia mtu? Nimemwambia kaka."

Ukubwani ndipo nilipojua kwamba unyoya ule wa mkia hudondoka wenyewe ndege akimaliza kulea. Wangesubiri kidogo tu, Sadi angeuokota chini. Aisee, hilo liliniuma upya.

Mwaka huu ndege wa namna ile wamejenga tena, kwenye mkorosho wa uani kwangu. Juzi Somoe alikuja kunisalimia, akanikuta nimeinua shingo.

"Unachungulia nini huko, mdogo wangu?"

"Naangalia kama mvua inakuja, dada."

Nikamkaribisha ndani, nikampikia, tukacheka mpaka jioni. Nampenda Somoe. Ila kwangu mimi, dada naye ni mtu.