Pale Mchoro Ulipopinda

Sebule yangu ya Hamugembe ina kuta nne, na tatu kati yake hazifai kwa sanaa. Wa mashariki hupigwa na jua la asubuhi, kwa hiyo nimeuachia kalenda ya kanisa, maana kalenda ikipauka hakuna anayelia. Wa upande wa jikoni una moshi. Wa kusini hunyonya maji ya mvua, na mvua ya Bukoba haibishi hodi. Picha yangu ya kwanza, ya kisiwa cha Musira, niliitundika pale, na baada ya miezi mitatu ikaota madoa ya kijani. Wageni waliisifu kuliko mwanzo. Ulibaki ukuta mmoja, unaotazamana na mlango, na huo ndio nilioufanya wangu.

Mimi ni mpima ardhi mstaafu. Miaka mingi nimepima vibanja vya ndugu wanaogombea hatua mbili za migomba, nikijifunza kuona mstari uliopinda hata kama umefichwa na majani. Nilipostaafu wenzangu walinunua ng'ombe, mimi nikanunua sanaa. Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alisema akili ni nywele, kila mtu ana zake, kisha akakitazama kipara changu kwa muda mrefu kidogo.

Nilijiwekea masharti. Sinunui twiga, kwa kuwa hapa kwetu hakuna anayekutana na twiga shambani. Sinunui kitu kwa sababu kinaendana na makochi. Na sinunui siku ile ile niliyokiona. Narudi nyumbani, nalala, kikinijia tena asubuhi ndipo nafunga safari. Hivyo ndivyo nilivyompata mzee wa mti. Ni sanamu ya mtu aliyeketi, kimo cha mtu kamili, niliyoinunua Rubafu kwa mchongaji aliyekuwa amepewa kazi na kanisa fulani. Wazee wa kanisa waliikataa kwa kuwa ilifanana mno na mmoja wao. Nimeiweka kwenye pembe, karibu na mlango, na nakiri kwamba mara mbili nimeiambia ipishe njia.

Lakini kitu bora kuliko vyote sikukinunua. Nilipewa na shangazi yangu, dada wa baba, anayeishi Kamachumu huko Muleba. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, na ndiye msukaji niliyemjua kabla sijajua kuwa kusuka ni sanaa. Husuka vikapu vidogo vya kahawa, vyenye mfuniko, vya kumpitishia mgeni kahawa ya kutafuna kabla hajaulizwa kilichomleta. Kwetu mgeni asipopewa kahawa atakaa, atazungumza, atacheka, lakini ukoo wake wote utapata habari jioni hiyo.

Kikapu alichonipa miaka mitatu iliyopita kilikuwa na mchoro wake wa siku zote, mstari mweusi unaopanda na kushuka kukizunguka, na mwekundu ukiufuata kwa chini. Ila karibu na mdomo, mweusi uliteremka ghafla, ukaingia ndani ya mwekundu, ukapotea kwa upana wa vidole viwili, halafu ukaibukia mahali pengine kabisa. Niliuona mara moja. Nilisimama nacho mlangoni kwake nikasisimkwa mwili. Nilijiambia kwamba baada ya miaka yote ya kusuka kwa kufuata mama yake na bibi yake, shangazi ameamua kuwa huru.

Sikumuuliza kitu. Nilirudi Bukoba nikampelekea fundi wa fremu, ambaye kazi yake kubwa ni picha za misiba. Alipokea vipimo, akachukua kalamu, akauliza marehemu ni nani. Nilimweleza kuwa hakuna marehemu, ni kikapu, na nataka kisanduku chenye kioo mbele. Aliandika "kikapu" kwa heshima ile ile.

Kikakaa katikati ya ukuta wangu. Kila mgeni niliyempata nilimsimamisha mbele yake nikamwonyesha pale mchoro ulipopinda. Nilisema hapa ndipo msanii anapoachana na mazoea. Nilisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mke wangu alikuwa na hoja moja tu, kwamba tumekuwa watu wa kwanza Bukoba nzima kutundika kikapu cha kahawa ukutani na kumpitishia mgeni kahawa kwenye sahani ya plastiki. Wageni nao walikitazama kikapu, wakaitazama sahani, wakachukua punje mbili badala ya nne. Jirani mmoja aliniita nshomile, yaani msomi anayejisikia. Niliona ni wivu.

Kwa miaka hiyo mitatu nilimwalika shangazi aje aone alivyotukuzwa. Alikuwa na sababu kila mara, mara migomba, mara jumuiya, mara mbuzi. Mwaka huu sikumpa nafasi, nikaenda na gari kumchukua. Njiani alikuwa mchangamfu, akiniuliza tumefika wapi, nami nikimtajia. Tulipofika alinishika mkono juu ya kiwiko na hakuniachia mpaka ndani, nikafurahi kwamba uzee umemfanya awe na mapenzi ya wazi. Kisha akainama kidogo akamwamkia mzee wa mti kwa Kihaya, kwa ukamilifu, akangoja kuitikiwa. Nilicheka sana. Shangazi tangu zamani ni mtu wa utani.

Nilimkalisha kwenye kiti kinachoutazama ukuta, ana kwa ana na kikapu chake. Mke wangu akaleta kahawa. Shangazi aliipapasa sahani kwenye ukingo, akachukua punje moja, akauliza kikapu chake kiko wapi.

Mtu wa kwetu akiulizwa hivyo huku sahani ya plastiki iko mbele yake, anajua amesutwa. Mke wangu alinitupia jicho la ushindi. Nikaanza kujitetea kwamba vitu vingine ni vya matumizi na vingine ni vya kuhifadhiwa. Shangazi alinisikiliza mpaka nikamaliza, akauliza tena, kwa upole ule ule, kiko wapi. Hapo mke wangu akaacha kutabasamu. Aliweka sahani chini akamtazama shangazi usoni.

Mimi sikuwa nimeelewa bado. Nilikitungua, nikamwekea mapajani na kioo chake. Alipitisha vidole juu ya kioo, akiutafuta usuko. Nikauchukua mkono wake nikauweka pale penyewe, nikaanza hotuba yangu yote: mweusi unashuka hapa, unaingia kwenye mwekundu, unapotea, unaibukia huku. Nikamwambia hapo ndipo alipoonyesha ujasiri.

"Hapo nilikuwa sioni, mwana wange," alisema. "Nyuzi zote zilikuwa rangi moja."

Mke wangu akatoka kwenda jikoni. Mimi nilibaki nimeshika mkono wa shangazi juu ya kioo. Niliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na hofu.

Kesho yake tulikuwa hospitalini. Daktari wa macho, kijana mwenye sauti ya chini, alimpima muda mrefu, akatuambia ni presha ya macho. La kushoto limekwisha, halirudi. La kulia lina mwanga kidogo, na kwa dawa ya matone kila siku bila kukosa, huenda ukabaki. Alisema ugonjwa huu unakuja polepole, na angeletwa miaka miwili au mitatu nyuma, pengine leo tungekuwa tunazungumza mengine. Akauliza kama katika familia hakuna aliyegundua chochote. Nilisema shangazi anaishi peke yake, sisi tuko mbali. Ilikuwa kweli, na nilijisikia mwongo.

Tulikaa kwenye benchi nje kungoja muda wa tone la kwanza. Nilimwomba msamaha, nikamweleza kwamba nilidhani ni ustadi. Alijifunga kanga vizuri.

"Jirani zangu wote walikishika kile kikapu," alisema. "Padri alikishika. Hakuna aliyeona kosa, nikashukuru. Wewe peke yako uliliona, ukaenda kunitafutia kioo."

Hakusema kwa hasira, na ningependa ingekuwa hasira. Nilifungua kichupa cha dawa. Akainua uso wake kuelekea upande niliokuwa nimekaa, akakosea kidogo, nikausogeza kwa kiganja, nikavuta ukope wa chini wa jicho la kulia. Mkono wangu, uliopima nusu ya vibanja vya wilaya bila kutikisika, uliangusha tone la kwanza shavuni.