Siku Kogo Alipokata Blugamu Zake

Juzi nilirudi nyumbani Boito, na kabla sijafika langoni harufu ya kuni za blugamu, ile mikaratusi mirefu, ikanipata njiani. Ndugu yangu, nilisimama katikati ya majani chai nikacheka peke yangu. Nilikuwa nimemkumbuka nyanya yangu, ambaye sisi Wakipsigis tunamwita kogo.

Kogo ndiye aliyenilea. Asubuhi tulichuma chai mpaka vidole vikawa vyeusi. Mchana tulikula ugali kwa mboga ya sageti, na mursik, maziwa ya mgando yenye harufu ya mkaa wa kibuyuni. Jioni nilishuka bondeni kuchota maji kwenye chemchemi. Wanawake walipanga foleni ya mitungi wakipiga gumzo, nasi wasichana tukisikia mambo ambayo hatukupaswa kusikia.

Mwaka mmoja chemchemi ikaanza kutoa maji kidogo kidogo kama machozi. Mvua ilikuja, ikapita, hali ikawa ile ile. Siku wanawake wawili walipopigania mtungi, kogo aliinua macho akaitazama miti iliyozunguka maji. Blugamu zile zilikuwa zake. Alizipanda miaka michache nyuma, akiwa tayari mjane, aje auze kuni kwenye kiwanda cha chai ajijengee nyumba ya mabati, maana bado tulilala chini ya paa la nyasi linalovuja.

"Hizi ndizo zinakunywa maji yetu," akasema.

Jirani yetu alishtuka. "Kogo, ngoja tu zikomae, kiwanda hakinunui kuni changa. Na nyumba yako je?"

"Hata kwa hii ya nyasi nitalala. Lakini nitakunywa nini?"

Kesho yake alishika shoka mwenyewe. Mimi nilivuta matawi, huku watu wakisema mama huyu amerukwa na akili. Siku ya tatu jirani alikuja na shoka lake, akaanza kukata. Wanawake wakafuata. Tulichoma visiki visichipuke tena, tukapanda mikuyu na mianzi.

"Mafuta taa yakiisha kwenye chupa, yameisha," kogo alikuwa akituambia. "Maji ukiyatunza yanarudi. Msiyafanye yakawa kama mafuta taa."

Na kweli yalirudi, polepole, msimu baada ya msimu. Mwalimu wetu alileta darasa zima kuona. Nilitoa kifua mbele nikamwambia kila aliyenisikiliza, na asiyenisikiliza pia: "Huyo ni kogo wangu!" Nyumba ya mabati aliipata uzeeni, tulipomjengea sisi wajukuu.

Siku hizi pampu ya nguvu za jua inapandisha maji mpaka milangoni. Ni jambo jema. Lakini njia ya bondeni imemea nyasi, gumzo lile limekwisha, na wengi wa wanawake wale tumeshawazika, kogo akiwa mmoja wao. Wanangu wakiniuliza sisi ni watu wa namna gani, siwaambii habari za chai. Nawaambia sisi ni uzao wa mwanamke aliyeangusha nyumba yake kabla haijajengwa, ili majirani wapate kunywa.